FRATRI DOMENICO ZIPOLI, MPIGA KINANDA NA MTUNGAJI WA NYIMBO (1688–1726)



Katika Jubilei hii tunawakumbuka wote waliojenga parokia yetu: mapadri, masista, makatekista na wazee. Waimbaji nao wasisahauliwe. Ndiyo sababu tunasimulia hapa maisha ya mtu ambaye wanamuziki wa dunia nzima wanamjua, lakini kwetu jina lake halitajwi sana.

Domenico Zipoli alizaliwa mwaka wa 1688 katika mji wa Prato, nchi ya Italia. Cosimo III, mtawala wa nchi ile, alimsaidia kwa feza ili ajifunze muziki. Alisoma Firenze, kisha Napoli kwa Alessandro Scarlatti, lakini huko hakudumu. Akapita Bologna, na mwisho akafika Roma kwa mwalimu Bernardo Pasquini. Mwaka wa 1715 alikuwa mpiga kinanda wa Gesù, kanisa kubwa la Wajezuiti. Mwaka wa 1716 alichapisha kitabu cha muziki ambacho wapiga kinanda wanakitumia mpaka leo. Kazi nzuri na sifa, vyote vilikuwa mkononi mwake.

Mwaka uleule akaviacha. Alikwenda Sevilla, nchi ya Hispania, akapokelewa na Wajezuiti kama novisi, akijitoa kwa misioni za Paraguay. Aprili 1717 alipanda merikebu pamoja na wenzake zaidi ya 50, na Julai wakatua Buenos Aires. Kutoka huko alipelekwa Córdoba, mji ulio leo katika Argentina. Alisoma filozofia na teolojia, na siku za sikukuu alipiga kinanda, akatunga nyimbo za Misa na za Masifu ya Jioni. Watu walijaa kanisani kumsikiliza, na sifa yake ilifika mpaka Lima, mbali sana.

Fratri Zipoli alitamani upadri. Mwaka wa 1724 alikuwa amekwisha kumaliza masomo yote, lakini kiti cha askofu kilikuwa kitupu, wala hakuna aliyeweza kumwekea mikono. Akangoja. Alipokuwa angali akingoja, kifua kikuu kilimshika. Alifariki tarehe 2 Januari 1726, mwenye miaka 37. Yeye aliyetunga Misa hakujaliwa kuisoma hata siku moja.

Nyimbo zake zilipelekwa katika misioni za mbali, kwa Waguarani na Wachiquitos, ambao walikuwa waimbaji hodari na mafundi wa kuchonga vinanda na fidla. Kisha, mwaka wa 1767, mfalme wa Hispania aliwafukuza Wajezuiti wote. Wachungaji wakaondoka. Nani basi alizitunza nyimbo? Ni walei wa Chiquitos, katika Bolivia ya leo. Walizinakili kwa mkono, na karatasi zilipochakaa wakanakili tena, wakawafundisha watoto wao. Mwaka wa 1959 Misa yake moja ilipatikana Sucre. Na tangu mwaka wa 1972, Hans Roth alipoanza kutengeneza makanisa ya zamani ya Chiquitos, maelfu ya kurasa za muziki zilionekana, nyingine zikiwa za Zipoli.

Sisi wa nchi hizi za Ruzizi na Tanganyika tunaielewa habari hii. Jimbo la Uvira liliwekwa mwaka wa 1962, na askofu wake wa kwanza, Monsenyeri Danilo Catarzi, alitoka Italia. Tarehe 28 Novemba 1964 wamisionari watatu Waitalia, pamoja na Padri Albert Joubert, waliuawa Baraka na Fizi. Mchungaji anaweza kuondolewa, lakini sala na wimbo uliofundishwa vizuri hubaki kijijini, wakiwapo watu wa kuutunza.

Kwa hiyo, ndugu waimbaji, daftari la korali lisiachiwe panya na mvua. Mwenye wimbo wa wazee aunakili, amfundishe kijana. Nawe unayengoja jambo ambalo Mungu hajakupa, fanya kazi ya leo kwa moyo wote. Zipoli alikufa akingoja, na kazi yake inaimbwa bado.

Mungu atukuzwe katika nyimbo zetu. Amina.