Sayyida Salme

Sayyida Salme, baadaye Emily Ruete (Mtoni, Unguja, 30 Agosti 1844 – Jena, Ujerumani, 29 Februari 1924), alikuwa binti wa Said bin Sultan, mtawala wa Omani na Zanzibar. Anajulikana hasa kwa kitabu cha kumbukumbu zake kilichotolewa kwa Kijerumani mwaka 1886. Humo alieleza jinsi watoto walivyolelewa na kuvishwa katika majumba ya Zanzibar katikati ya karne ya 19.

Utoto na mavazi

Alizaliwa katika jumba la Mtoni, kando ya bahari, kaskazini kwa mji wa Zanzibar. Mama yake, Jilfidan, alikuwa suria mwenye asili ya Wacherkesi.

Kwa maelezo yake, mtoto mchanga wa jumbani alizungushiwa vitambaa mwilini hadi siku ya 40. Siku hiyo alinyolewa nywele, akavishwa kanzu ya hariri, kofia, bangili na hirizi. Wasichana walitobolewa masikio wakiwa bado wachanga, matundu sita kila sikio.

Watoto wa watumwa hawakupata mavazi kama hayo. Nguo ya kawaida ya watumwa ilikuwa merikani, kitambaa cha pamba kilicholetwa kutoka Marekani. Utajiri wa jumba ulitokana kwa sehemu kubwa na kazi ya watumwa katika mashamba ya karafuu, lakini Salme alitetea utumwa katika kitabu chake.

Elimu

Wasichana wa jumbani walifundishwa kusoma Qurani, si kuandika. Salme alijifunza kuandika kwa siri, akinakili herufi za Qurani juu ya mfupa wa bega la ngamia. Kaka yake Majid alimfundisha kupanda farasi na kutumia silaha.

Baba yake alifariki mwaka 1856 na Majid akatawala Zanzibar. Mwaka 1859 ndugu yao Barghash alijaribu kumpindua. Salme, aliyekuwa na umri wa miaka 15, aliandika barua za kundi la Barghash kwa sababu alijua kuandika. Jaribio hilo lilishindwa na Barghash akapelekwa Bombay.

Ujerumani

Mwaka 1866, akiwa na mimba ya mfanyabiashara Mjerumani Rudolph Heinrich Ruete, aliondoka Zanzibar kwa manowari ya Uingereza hadi Aden. Huko alibatizwa kwa jina la Emily na kufunga ndoa mwaka 1867, kisha wakahamia Hamburg. Mumewe alifariki kwa ajali ya tramu mwaka 1870, akimwachia watoto watatu wadogo.

Kumbukumbu zake alianza kuziandika kwa ajili ya watoto hao, waliokuwa wakikua mbali na nchi ya mama yao. Leo ni miongoni mwa maandishi machache ya karne hiyo yanayoeleza maisha ya ndani ya majumba ya Zanzibar, nayo yameandikwa na mwanamke aliyelelewa humo.