Carl Akeley: Fundi wa mafuvu aliyegeuka mtetezi wa wanyama

Na Mwandishi Wetu, Musoma

MSAFIRI anayetoka Musoma kwenda Mwanza akishaupita mji wa Bunda hulikuta lango la Ndabaka, mlango wa magharibi wa Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Porini humo si ajabu kuona fuvu jeupe la nyumbu, limesafishwa na fisi, tai, funza na jua. Kazi hiyo hiyo, ikifanywa kwa mikono, ilimpa umaarufu Mmarekani Carl Akeley.

Alizaliwa mwaka 1864 huko Clarendon, jimbo la New York, katika familia ya wakulima. Akiwa bado mvulana alianza kuhifadhi ndege waliokufa, kisha akaajiriwa katika karakana ya Ward mjini Rochester. Mwaka 1885 alitumwa Canada kuchuna mzoga wa Jumbo, tembo wa sarakasi aliyegongwa na treni. Ngozi ilisimamishwa peke yake, na mifupa peke yake.

Enzi hizo ngozi ilijazwa majani makavu, mnyama akatoka kama gunia. Akeley alianza na mfupa. Fuvu na mifupa ya miguu aliisimamisha kwa vyuma, akaifinyangia misuli kwa udongo, akatoa kalibu, ndipo ngozi ikavishwa juu ya umbo jepesi lililo tupu ndani.

Kusafisha fuvu hutaka subira. Nyama, macho na ulimi huondolewa kwa kisu, na ubongo hutolewa kupitia tundu la kisogoni. Kisha fuvu hulowekwa majini kwa majuma, ama huachiwa wadudu walao nyama kavu. Anayelichemsha kwa pupa huliharibu: meno hupasuka na mifupa myembamba ya pua huachana.

Msomaji wa Mara asijaribu hayo nyumbani kwa fuvu aliloliokota porini. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 hulihesabu kuwa nyara, na kulimiliki bila kibali ni kosa. Tena mzoga waweza kuwa na kimeta.

Akeley mwenyewe aliponea chupuchupu. Mwaka 1896, huko Somalia, alimuua chui kwa mikono mitupu. Mwaka 1910 tembo alimjeruhi vibaya katika Mlima Kenya.

Mwaka 1921 aliwapiga risasi gorila wa milimani nchini Kongo kwa ajili ya makumbusho, na tendo hilo likamgeuza moyo. Aliwashawishi Wabelgiji wawalinde waliosalia, na mwaka 1925 ikaanzishwa Hifadhi ya Albert, ambayo leo ni Virunga.

Mwaka 1926, Julius Nyerere akiwa mtoto wa miaka minne huko Butiama, Akeley alikuwa Serengeti akikusanya wanyama wa makumbusho ya New York. Alikuwa mgonjwa tayari. Novemba mwaka huo alifariki dunia katika mlima Mikeno, Kongo, akazikwa huko huko.

Ukumbi wenye jina lake ulifunguliwa New York mwaka 1936, tembo wanane wakiwa katikati na wanyama wa Serengeti nyuma ya vioo.