Tartakower: Gwiji wa sataranji aliyewaduwaza wapinzani kwa hatua za ajabu

KATIKA sataranji, mchezo ambao wengi huuita chesi, hatua za mwanzo hukaririwa. Anayejua jinsi mpinzani wake anavyofungua mchezo huja mezani na jibu tayari. Savielly Tartakower alijijengea jina kwa kuwanyima wapinzani fursa hiyo.

Tartakower alizaliwa mnamo 1887 mjini Rostov, kusini mwa Urusi. Alisomea sheria Geneva na Vienna hadi akapata shahada ya udaktari. Mnamo 1911 wazazi wake waliuawa na majambazi huko Rostov. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia alipigana upande wa Austria-Hungary. Dola hiyo iliposambaratika, alichukua uraia wa Poland, kisha akafanya makazi Paris, akiishi kwa kucheza sataranji na kuandika kuihusu.

Mwaka wa 1924 alialikwa New York, ambako magwiji 11 walishindana. Katika mechi kadhaa alifufua mbinu ya kutoa kafara askari aliye mbele ya askofu wa upande wa mfalme katika hatua ya pili, ambayo wengi waliiona imepitwa na wakati. Aidha, alimsogeza askofu wake nafasi moja tu, hatua iliyoonekana ya woga. Efim Bogoljubov alitatizika na kushindwa. Lakini José Raúl Capablanca, bingwa wa dunia wakati huo, alitulia, akaijibu mbinu hiyo kwa hatua thabiti na kushinda.

Katika mashindano hayo hayo, wachezaji walizuru bustani ya wanyama ya Bronx, na Tartakower akavutiwa na orangutangu aliyeitwa Susan. Baadaye, akikabiliana na Géza Maróczy, alianza kwa kumsukuma nafasi mbili askari aliye mbele ya farasi wa upande wa malkia. Ufunguzi huo aliupa jina la mnyama huyo. Haukumletea ushindi siku hiyo, lakini ungali unachezwa vilabuni hadi leo.

Hapo ndipo lilipo funzo kwa mchezaji wa kilabu. Hatua ya ajabu humtoa mpinzani katika njia aliyoikariri, ikamlazimu kufikiri huku saa ikiyoyoma. Hata hivyo, haimshindi kwa niaba yako. Mshangao ukiisha, hubaki ubao na maarifa, na anayeuzuru msitu asioujua hupotea pamoja na aliyemvuta humo. Tartakower alizichunguza mbinu zake kwa kina na kuandika vitabu kuhusu sataranji.

Mnamo 1929, waandalizi wa mashindano ya Barcelona walimwomba abuni ufunguzi wa kulienzi eneo lao la Catalonia. Ufunguzi huo wa Kikatalani sasa hutumiwa hata na mabingwa wa dunia. Mwaka uliofuata alikuwa katika timu ya Poland iliyotwaa dhahabu kwenye Olimpiadi ya sataranji mjini Hamburg.

Ufaransa ilipotekwa na Wajerumani, alijiunga na majeshi huru ya Charles de Gaulle akijiita Luteni Cartier. Baada ya vita alikuwa raia wa Ufaransa, na mnamo 1950 alikuwa miongoni mwa wachezaji 27 wa kwanza kutunukiwa rasmi hadhi ya juu kabisa ya sataranji.

Alifariki Paris mnamo Februari 1956, akiwa na umri wa miaka 68.