Dennis Ritchie, baba wa lugha C: jina lisilojulikana, kazi inayofika hadi Kasapa

LUBUMBASHI – Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, kwenye kampusi ya Kasapa, anayeandika neno make kwenye kompyuta yake anatumia kazi ya wanaume wawili wa maabara moja ya Marekani. Dennis Ritchie alitengeneza lugha C. Mwenzake, Stuart Feldman, alitengeneza make, programu inayoamua ni faili gani la C litafsiriwe upya na lipi liachwe. Ritchie aliaga dunia mwaka 2011, na watu wengi hawakupata habari.

Alizaliwa tarehe 9 Septemba 1941 huko Bronxville, jimbo la New York. Baba yake, Alistair, alikuwa mtaalamu wa mitambo ya simu katika Bell Labs, maabara ya kampuni ya simu AT&T. Dennis alisoma fizikia katika chuo kikuu cha Harvard, akamaliza mwaka 1963, akaendelea na hisabati. Mwaka 1967 aliingia kazini Bell Labs, kama baba yake.

Mwaka 1968 alikuwa ameshaandika tasnifu ya udaktari, lakini hakuikabidhi rasmi chuoni. Kwa sababu hiyo hakupata shahada hiyo maishani mwake. Kasapa pia wanajua: kazi isiyokabidhiwa haimpi mtu diploma, hata iwe nzuri namna gani.

Lugha mpya kwa mashine mpya

Mwaka 1969 Bell Labs ilijitoa katika mradi mkubwa uliokuwa na gharama nyingi, ulioitwa Multics. Ken Thompson, rafiki wa Ritchie, akachukua kompyuta ndogo ya aina ya PDP-7 na kuanza kuandika mfumo mwepesi zaidi. Mfumo huo ndio Unix.

Shida ilikuwa moja. Unix iliandikwa kwa maagizo ya mashine ile ile tu. Kuihamishia kwenye mashine nyingine kulimaanisha kuandika upya. Thompson alikuwa na lugha ndogo iitwayo B, lakini haikufaa vizuri kwa kompyuta mpya ya PDP-11. Ritchie akaipanua na kuibadilisha, na kufikia mwaka 1972 ikawa lugha nyingine, akaiita C. Mwaka 1973 kiini cha Unix kiliandikwa upya kwa C. Mwaka 1978 Ritchie na Brian Kernighan walitoa kitabu kuhusu lugha hiyo, ambacho kilisomwa duniani kote.

Kosa lililozaa make

C inaruhusu kugawa programu kubwa katika mafaili mengi. Kila faili linatafsiriwa peke yake, kisha vipande vinaunganishwa. Hilo linaokoa muda, lakini linamtaka mtu akumbuke ni faili gani amebadilisha.

Mwaka 1976 Steve Johnson, mfanyakazi wa Bell Labs, alipoteza asubuhi nzima akitafuta kosa katika programu aliyokwisha kuisahihisha. Alirekebisha faili, akasahau kulitafsiri upya, na kipande cha zamani ndicho kilichounganishwa. Feldman, ambaye naye alikuwa amekutana na shida kama hiyo, akaandika make.

Utaratibu wake ni rahisi. Mwandishi anaandaa faili liitwalo Makefile, linaloeleza kila kipande kinatokana na nini na kinatengenezwa kwa amri gani. Make inalinganisha saa: kama faili la C ni jipya kuliko kipande chake, kipande kinatengenezwa upya; kama sivyo, kinaachwa. Kwenye programu ya mafaili mia moja, ukigusa faili moja ambalo mengine hayalitegemei, hilo peke yake ndilo linatafsiriwa.

Katika mji ambao umeme unakatika mara kwa mara, jambo hilo si dogo. Vipande vilivyokamilika kabla ya giza vinabaki kwenye diski. Umeme ukirudi, make inaendelea na vilivyobaki. Kipande kilichokatizwa katikati ndicho cha kufuta na kurudia.

Kuna mtego mmoja unaowasumbua wanaoanza. Mstari wa amri ndani ya Makefile lazima uanze kwa kitufe cha Tab. Ukianza kwa nafasi za kawaida, make inakataa. Feldman aliona mapema kwamba sharti hilo si zuri, lakini tayari alikuwa na watumiaji kama kumi na wawili, akaogopa kuwaharibia kazi. Sharti likabaki hadi leo.

Heshima, kisha kimya

Mwaka 1983 Ritchie na Thompson walipewa Tuzo ya Turing, ya juu kabisa katika elimu ya kompyuta. Mwaka 1999 Rais Bill Clinton aliwapa nishani ya taifa ya teknolojia. Ritchie alistaafu mwaka 2007.

Tarehe 12 Oktoba 2011 alikutwa amefariki nyumbani kwake Berkeley Heights, New Jersey, akiwa na umri wa miaka 70. Siku saba kabla, Steve Jobs wa kampuni ya Apple alikuwa amefariki, na dunia nzima ilikuwa bado inamlilia. Kifo cha Ritchie kilitajwa kidogo tu.

Kazi yake haikusimama. Kila simu ya Android inayouzwa Lubumbashi inaendeshwa na kiini cha Linux, ambacho sehemu yake kubwa imeandikwa kwa C, na kinajengwa kwa make.