Gigi Meroni: Winga ambaye mashabiki walikataa auzwe

KATIKA majira ya joto ya mwaka 1967, klabu mbili za mji mmoja wa Turin, Italia, zilikuwa zimeelewana bei. Juventus walikuwa tayari kutoa lira milioni 750 kumnunua Luigi Meroni, maarufu kama Gigi, winga wa kulia wa Torino. Rais wa Torino, Orfeo Pianelli, aliona ofa hiyo haikataliki.

Mashabiki wakaingia mitaani. Wengi wao walikuwa vibarua na mafundi wa viwanda vya magari vya Fiat, mali ya familia ya Agnelli ambayo ndiyo pia iliyomiliki Juventus. Tajiri aliyewalipa mshahara sasa alitaka kuwachukulia hata furaha yao ya Jumapili. Pianelli akarudi nyuma, mauzo yakafa, Meroni akabaki.

Alizaliwa Februari 24, 1943 mjini Como, mji unaojulikana kwa vitambaa vya hariri. Baba yake alifariki Gigi akiwa bado mdogo, na mama akabaki kulea watoto watatu kwa kazi ya ufumaji. Kabla soka halijamlipa, kijana huyo alijipatia riziki kwa kuchora mitindo ya tai.

Mwaka 1962 alijiunga na Genoa, ambako alipendwa lakini pia alifungiwa baada ya kukosa kufika kwenye kipimo cha dawa za kuongeza nguvu. Mwaka 1964 akahamia Torino chini ya kocha Nereo Rocco. Alicheza soksi zikiwa zimeshushwa hadi kwenye vifundo vya miguu, akiwapiga chenga mabeki waliozoea kuvunja watu miguu. Machi 12, 1967, alifunga bao la kupinda kwenye Uwanja wa San Siro, Torino ikashinda 2-1 na Inter Milan ikapoteza rekodi ya miaka mitatu ya kutofungwa nyumbani.

Nje ya uwanja ndiko maneno yalikokuwa mengi. Alifuga nywele na ndevu, alijibunia mitindo yake ya nguo, alichora picha, na mjini Como aliwahi kutembea na kuku aliyemfunga kamba kama mbwa. Lililowakera zaidi wengi ni kuishi na mwanamke ambaye kisheria alikuwa mke wa mtu mwingine. Italia ya wakati huo haikuwa na talaka. Sheria yake ilipitishwa mwaka 1970.

Kocha wa timu ya taifa, Edmondo Fabbri, alimtaka akate nywele, wakavutana. Katika Kombe la Dunia la 1966 nchini Uingereza, Meroni alicheza mechi moja tu, waliyofungwa na Umoja wa Kisovyeti. Dhidi ya Korea Kaskazini aliachwa nje, na Italia ikafungwa 1-0 na kutolewa. Alimaliza na mechi sita na mabao mawili ya taifa.

Jumapili ya Oktoba 15, 1967, baada ya Torino kuifunga Sampdoria 4-2, alikuwa akivuka barabara ya Corso Re Umberto pamoja na mchezaji mwenzake, Fabrizio Poletti. Gari lililoendeshwa na kijana wa miaka 19, shabiki wa Torino, likamgonga. Alifariki usiku huo akiwa na miaka 24.

Watu wapatao 20,000 walijitokeza kumzika, huku padri aliyeongoza ibada akilaumiwa na baadhi ya viongozi wa Kanisa kwa kumzika mtu aliyeishi hivyo. Wiki moja baadaye Torino iliifunga Juventus 4-0. Nestor Combin, rafiki yake, alifunga matatu. La nne lilifungwa na Alberto Carelli, aliyevaa jezi ya Meroni, namba 7.

Mwaka 2000, yule kijana aliyekuwa kwenye usukani alichukua urais wa Torino. Na pale Corso Re Umberto umesimama mnara wa kumbukumbu ya Meroni, ambako mashabiki hupeleka maua kila Oktoba.