Rajat Neogy: mwenye gazeti dogo la Kampala aliyefungwa juu ya barua

Kwetu hapa, kutoka Pinga mpaka Masisi na Walikale, Kampala tunaijua kwa biashara. Nguo, simu, vipuri vya pikipiki: ukiuliza vimetoka wapi, mara nyingi utaambiwa ni Kampala. Lakini kulikuwa na wakati mji huo ulijulikana mbali kwa kitu kingine, gazeti dogo la mashairi, hadithi na mabishano lililoitwa Transition. Mwenye kulianzisha ni Rajat Neogy. Leo tunamkumbuka, kwani maisha yake yanaonyesha bei ambayo mtu anaweza kulipa kwa kuwaachia wengine nafasi ya kusema.

Kijana wa Kampala

Neogy alizaliwa Kampala mwaka 1938, katika familia ya Wahindi wenye asili ya Bengal. Alienda kusoma London, kisha akarudi nyumbani. Mwaka 1961 akatoa namba ya kwanza ya gazeti lake. Alikuwa hajafikisha miaka 23, na Uganda ilikuwa bado chini ya Uingereza. Uhuru wao ulikuja tarehe 9 Oktoba 1962. Sisi Kongo tulikuwa tumepata wetu mwaka 1960, na Lumumba alikuwa ameshauawa. Jina Transition maana yake ni kuvuka, kutoka hali moja kwenda nyingine, na kweli Afrika nzima ilikuwa inavuka.

Neogy hakutaka gazeti la chama wala la kabila. Alitaka mahali ambapo watu wasiopatana wanaweza kukutana kwenye ukurasa mmoja. Mshairi wa Nigeria Christopher Okigbo, yule aliyekufa mwaka 1967 katika vita ya Biafra, alichapisha mashairi yake humo na akawa pia mhariri wake kwa upande wa Afrika Magharibi. Watu kama Chinua Achebe, Wole Soyinka na Ngũgĩ wa Thiong'o waliandika humo. Profesa Ali Mazrui wa Mombasa, aliyekuwa anafundisha Makerere, alimchambua Nkrumah bila huruma mwaka 1966, na wasomaji wakamjibu kwa ukali. Neogy alichapisha wote wawili, mwenye kuchambua na mwenye kukasirika.

Tuandike kwa luga gani?

Mabishano makubwa kuliko yote yalikuwa juu ya luga. Mwezi wa 6 mwaka 1962, waandishi wa Afrika walikutana Makerere, lakini walioitwa ni wale wanaoandika kwa Kiingereza tu. Wa Kifaransa na wa luga zetu za Kiafrika walibaki inje. Mwaka uliofuata, Mnigeria mmoja, Obi Wali, akaandika ndani ya Transition kwamba njia hiyo haina mwisho mwema: Mwafrika akiendelea kuandika kwa luga ya mzungu tu, fasihi yake itakufa. Hebu fikiri, gazeti lenyewe lilikuwa la Kiingereza. Neogy akachapisha maneno yanayopiga nyumba yake mwenyewe.

Wengine walitafuta dawa katika kutafsiri. Kule Nigeria, gazeti dada lililoitwa Black Orpheus, lililoanza mwaka 1957, lilikuwa likigeuza kwa Kiingereza mashairi ya watu wa Kifaransa kama Senghor na Césaire. Bila kazi hiyo, Mnigeria na Msenegali wangeendelea kuwa wageni wa mmoja kwa mwingine. Hapa karibu, Okot p'Bitek wa Uganda aliandika wimbo wake mrefu wa Lawino kwa Kiacholi, kisha akautafsiri yeye mwenyewe, ukatoka kwa Kiingereza mwaka 1966. Sisi tunaelewa jambo hili vizuri. Mtu wa kwetu anaweza kuongea Kihunde ao Kinyanga nyumbani, Kiswahili sokoni, na Kifaransa kalasini, yote siku moja.

Feza ilitoka wapi?

Gazeti la mashairi halijilishi lenyewe. Neogy alipata msaada wa feza kutoka shirika moja la mambo ya utamaduni lenye makao Paris. Mwaka 1966 na 1967 siri ikatoka: nyuma ya shirika hilo kulikuwa CIA, wapelelezi wa Marekani. Neogy alisema wazi kwamba hakujua. Hata hivyo, aliumia sana. Mtu aliyejenga jina lake juu ya uhuru wa mawazo alijikuta anaulizwa kama yeye ni chombo cha wengine. Maadui zake wakapata fimbo ya kumpigia, na wapo mpaka leo wanaosoma namba zile za zamani kwa shaka.

Gerezani

Pigo la pili lilitoka kwa serikali ya Rais Milton Obote. Mbunge Abu Mayanja alikuwa ameandika barua katika Transition akichambua katiba mpya, na kuuliza kwa nini majaji Waganda wanachelewa kuteuliwa. Tarehe 18 Oktoba 1968, polisi wakawakamata wote wawili, mwenye kuandika na mwenye kuchapisha. Walishitakiwa kwa uchochezi. Mwanzoni mwa mwaka 1969 mahakama iliona hawana kosa. Lakini hawakufika nyumbani: walirudishwa ndani kwa sheria ya hali ya dharura, ile inayoruhusu serikali kumfunga mtu bila hukumu. Neogy alitoka mwezi wa 3 mwaka huo. Mayanja alibaki ndani mpaka mwaka 1970.

Neogy hakuweza tena kufanya kazi Uganda. Mwaka 1971 alilifufua gazeti huko Accra, Ghana, lakini nguvu za zamani zilikuwa zimepungua. Akamwachia Wole Soyinka, na mwaka 1976 gazeti likasimama. Yeye alihamia Marekani, akaishi kimya San Francisco, na huko akafa mwezi wa 12 mwaka 1995, mbali na mji aliozaliwa. Gazeti lake lilikuwa limefufuliwa huko Marekani mwaka 1991, na bado linatoka.

Mtu anaweza kusema Neogy alishindwa. Alipoteza gazeti, mji na nchi, na feza aliyoiamini ilimwaibisha. Lakini yale mabishano ya luga aliyoyafungulia mlango hayakufungwa naye gerezani. Ngũgĩ aliacha baadaye kuandika hadithi zake kwa Kiingereza, akarudi kwa Kikikuyu. Na sisi pia, kila mara tunapochukua habari ya Kifaransa tukaisema kwa Kiswahili kusudi mama wa shambani aielewe, tuko ndani ya mabishano yale yale. Na wewe msikilizaji, hadithi za bibi yako unazijua kwa luga gani, na nani anaziandika?