Tim Birkin na injini ya kusukumiwa hewa

Wasikilizaji wetu wenye malori na matrekta wanalijua neno turbo. Kabla turbo haijaenea, magari ya mashindano yalitumia supachaja: pampu inayozungushwa na injini yenyewe ili kushindilia hewa na petroli ndani ya silinda. Mchanganyiko huo ukizidi, moto unazidi, na nguvu inaongezeka. Leo tunamkumbuka Mwingereza aliyeiamini pampu hiyo kuliko wote.

Henry Birkin, aliyeitwa Tim, alizaliwa Nottingham mwaka 1896. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia alikuwa rubani huko Palestina, na huko akapata malaria iliyoendelea kumsumbua. Mwaka 1929 yeye na Woolf Barnato walishinda mbio za saa 24 za Le Mans, Ufaransa, kwa gari la Bentley lisilo na supachaja.

Birkin aliona nguvu hiyo haitoshi. W.O. Bentley, mwanzilishi wa kampuni, alikataa: kwake, supachaja ingeiumiza injini aliyoibuni bila pampu. Lakini Barnato, aliyekuwa mwenyekiti, aliridhia, na tajiri mmoja, Bi Dorothy Paget, akagharimia. Nguvu ya gari la kawaida ilipanda kutoka farasi 110 hadi 175.

Mwaka 1930 Le Mans ikatoa jibu. Birkin alifukuzana na Mercedes ya Rudolf Caracciola, tairi likamharibikia naye akazidi kukimbia, lakini magari ya timu yake hayakufika mwisho. Aliyeshinda ni Barnato, kwa Bentley isiyo na supachaja. Miezi michache baadaye, katika Grand Prix ya Ufaransa mjini Pau, Birkin alishika nafasi ya pili kwa gari lake zito katikati ya Bugatti nyepesi.

Mwaka 1931 alishinda tena Le Mans, pamoja na Earl Howe, safari hii kwa Alfa Romeo yenye supachaja. Tofauti ni kwamba injini hiyo ilibuniwa na pampu yake tangu mwanzo.

Mei 1933, kwenye mbio za Tripoli, Libya, aliungua mkono kwenye ekzosi. Wako wanaosema kidonda kilitia sumu kwenye damu, wengine wanataja malaria yake ya zamani. Alifariki London tarehe 22 Juni, akiwa na miaka 36.

Basi fundi akikushauri uifungie turbo injini yako ya zamani, muulize kwanza kama iliundwa kuubeba mzigo huo.